Refujiamu ya tanki la maji chumvi: koki nibane au nifungue? Mwani haukui, nitrati haishuki

Ngalawa_Bovu (mleta mada), Dar es Salaam

Wakuu habari za jioni. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Nina tanki la maji chumvi la lita 240 sebuleni (sentimita 120 kwa 40 kwa 50), lina mwaka mmoja na miezi minne. Ndani kuna kangaja mmoja mdogo (samaki mla mwani), samaki wengine wawili, wale wa chungwa wenye mistari myeupe, na matumbawe laini machache. Chini ya meza kuna sampu (tanki la pili ambalo maji hushukia, kisha pampu huyarudisha juu), na ndani ya sampu nimetenga kwa vioo chumba cha refujiamu, yaani cha kukuzia mwani wa kusafisha maji: urefu sentimita 30, upana 38, maji yanasimama kwenye 25. Humo nimeweka mwani wa nyuzi uitwao Chaetomorpha (nitaiita keto tu), bonge la ukubwa wa ngumi mbili, na juu yake taa ya LED ya kukuzia mimea.

Tatizo ni hili: miezi mitano sasa keto iko vilevile. Haifi, haikui. Imejaa vumbi la kahawia, chini kuna tope, kwenye kona kuna utando mwekundu kama ute. Nitrati imeganda kwenye 40, fosfati 0.2 (taka za chakula na kinyesi cha samaki, ndizo nataka mwani uzile). Kangaja anakula kama yuko harusini, na mimi sina moyo wa kumnyima.

Niliponunua vifaa, muuzaji aliniambia nibane koki ya refujiamu, maji yapite polepole ili mwani upate muda wa kuyasafisha. Nikabana. Nakadiria yanapita lita 200 kwa saa. Sasa kuna mtu kaniambia hapana, fungua. Nani mkweli? Natanguliza shukrani.

Sato_Mwanza

Mimi nina sato 6 kwenye pipa la lita 200 uani, maji nabadilisha nikikumbuka. Naketi hapa mbele nijifunze hayo mambo ya matajiri.

FundiBomba, Tanga

Mleta mada, "nakadiria" siyo kipimo. Kabla hatujaongea chochote, pima vitu viwili.

Kwanza, bomba linalorudisha maji juu. Chukua ndoo ya lita 20, elekeza bomba ndani, simu iwe na saa ya kuhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 48, hiyo ni lita 1,500 kwa saa. Usisome kilichoandikwa kwenye boksi la pampu. Namba ile ni ya pampu iliyokaa kwenye usawa wa maji, haipandishi kitu. Ukiipandisha mita moja na nusu, na elbo tatu njiani, karibu nusu inaweza kuishia hapo.

Pili, lile tawi la refujiamu. Weka jagi la lita 2 chini ya mdomo wake, hesabu sekunde.

Rudi na namba, pamoja na maelezo: tawi hilo limetoka wapi, kwenye bomba linaloshuka kutoka tankini au kwenye la pampu?

Ngalawa_Bovu

Mkuu nimepima, mara tatu tatu.

Pampu imeandikwa lita 3,000 kwa saa. Ndoo ya lita 20 imejaa kwa sekunde 45. Yaani 1,600. Duh.

Jagi la lita 2 la tawi la refujiamu: sekunde 48. Lita 150 kwa saa, siyo 200. Halafu nilipoigusa koki kikatoka kipande cha mwani na kakonokono, maji yakaongezeka yenyewe. Kwa hiyo hata hiyo 150 sijui imekuwa 150 tangu lini.

Tawi limetoka kwenye bomba linaloshuka. Kuna tii: upande mmoja chumba cha skima (mashine ya kutoa uchafu kwa povu), upande mwingine refujiamu na koki ya mpini.

FundiBomba

Sawa. Sasa tuongee.

Hii habari ya "mwani upate muda" inaingia akilini kwa sababu tunafikiria bomba: maji machafu yanaingia huku, masafi yanatoka kule, hayarudi. Lakini tanki lako ni duara. Maji yaleyale yanapita leo, yatapita tena baada ya dakika kumi, na kesho na keshokutwa. Hakuna anayekudai yatoke refujiamu yakiwa safi. Unachotaka ni jumla ya nitrati iliyoingia mwilini mwa mwani kuanzia asubuhi hadi asubuhi.

Chukua mamalishe anayeweza kulisha watu 300 kwa saa. Ukimpelekea wateja 150 kwa saa, atawashibisha karibu wote, na ukimtazama mteja mmoja mmoja utasema mama huyu hodari. Lakini nusu ya saa kasimama na mwiko mkononi hana wa kumpakulia. Ndiyo keto yako hiyo. Maji yanaingia kidogo, yanakaa dakika kumi na kitu, sehemu kubwa ya kilichomo inaliwa mwanzoni mwa chumba, mwani wa nyuma unabaki na kidogo. Inapata kidogo kwenye tanki lenye nitrati 40!

Kwa wanaopenda hesabu: kiasi kinachosafishwa ni mtiririko mara uwezo wa mwani, gawa kwa jumla ya hivyo viwili. Tuseme uwezo wa mwani ni sawa na kusafisha lita 300 kwa saa (namba ya mfano tu hiyo, msije mkanishika nayo).

Ukipitisha lita 150 kwa saa, unapata sawa na lita 100 zilizosafishwa.
Ukipitisha 800, unapata 218.
Ukipitisha zote 1,600, unapata 253.

Tazama hapo. Kutoka 150 hadi 800 umezidisha zaidi ya mara mbili. Kutoka 800 hadi 1,600 umeongeza 35 tu, na hiyo 35 utailipia kwa kelele, mapovu na mchanga kuruka. Mimi ningeenda kwenye 800 hivi, yaani mara tatu na kidogo ya ujazo wa tanki lako kwa saa. Wengi wanaofanikiwa wako kati ya mara tatu na mara tano. Wapo wanaopitisha yote hadi mara kumi na mwani wao unachanua, ila sampu zao zimejengwa kwa ajili hiyo.

Mzee Kasa, Mombasa

Ndugu zangu, nawasoma kimya tangu jana, sasa yabidi niseme. Mimi nafuga maji chumvi kabla baadhi yenu hamjanunua simu ya kwanza. Refujiamu yangu yapita maji taratibu mno, yadondoka tu, na nitrati yangu haizidi 5. Ina mchanga kina cha sentimita 12. Sasa huyu fundi aniambia mimi miaka yote nimekosea? Bahari yenyewe ina mahali pa mawimbi na ina vidimbwi vilivyotulia. Si kila kitu ni kuharakisha.

FundiBomba

Mzee wangu shikamoo. Hujakosea, ila kinachokufanyia kazi pale si mwani, ni mchanga. Sentimita 12 za mchanga mwembamba, huko chini hakuna oksijeni, na kuna bakteria wanaoigeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni ikapaa zake. Kazi hiyo haihitaji maji ya mbio juu yake, ukikazana utauchimbua tu mchanga na kutibua kila kilichozikwa humo.

Nadhani hapo ndipo wazo la polepole lilipozaliwa. Kuna vifaa ambavyo kweli vinataka maji ya kudondoka: zile mashine za kuondoa nitrati kwa salfa, maji yakikimbia oksijeni inaingia na kazi inaharibika. Taa ya UV nayo, kijidudu kisipokaa mbele ya mwanga muda wa kutosha hakifi. Watu wakachukua sheria ya vifaa hivyo wakaibandika kwenye mwani. Mwani haufanyi kazi hivyo. Hauui wala hautaki kiza. Unakula.

Mleta mada hana mchanga wa kina, ana keto na tope.

Mzee Kasa

Marahaba. Hapo umenena, na hilo la mchanga sikatai. Lakini wale wadudu je? Refujiamu ni kimbilio, ndiyo maana ya jina lenyewe. Vidudu vidogo vyataka utulivu vizaane. Ukivimiminia maji kama mto Sabaki vitakwenda na pampu.

Baridi_Yabisi, Minneapolis

Nimefanya hesabu moja nikiwa kazini (msimwambie bosi). Chumba cha mleta mada kina upana 38 na kina cha maji 25, kwa hiyo mlango wa maji kupita ni sentimita za mraba 950.

Kwa lita 150 kwa saa, maji yanasogea sentimita 2.6 kwa DAKIKA.
Kwa lita 800 kwa saa, yanasogea kama milimita 2.3 kwa sekunde.
Kwa 1,600 zote, hayafiki nusu sentimita kwa sekunde.

Mzee Kasa, kwa heshima zote, konokono anaweza kuyapita hayo. Hakuna mto hapo. Kopepodi (mmoja wa hao vidudu vidogo) aliyeshika uzi wa keto hang'oki kwa milimita 2. Na wanaong'oka ndio haohao tunaowataka wapande juu wakaliwe na samaki. Mimi nimewahi kufunga soksi nyembamba ya kuchujia kwenye mdomo wa bomba la kurudi usiku mmoja, asubuhi nikaikung'uta kwenye bakuli jeupe. Walikuwepo wengi tu wanaorukaruka, wameshapita kwenye pampu hao.

Mahali pa kuzaliana wape kwa njia nyingine: rundo la vipande vya mawe matupu kwenye kona. Ndani ya rundo maji yametulia hata kama nje yanakimbia.

Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili, na huu ndio ambao watu wengi hawauoni. Kama hata ukifungua yote maji hayafiki nusu sentimita kwa sekunde, basi kufungua koki peke yake hakutoshi kwa mwani. Kila uzi wa keto umevaa koti jembamba la maji yaliyosimama. Nitrati, fosfati na kaboni lazima vipenyeze koti hilo polepole. Maji yakitikisika koti linakuwa jembamba, yakilala linanenepa. Kwa hiyo kuna mambo mawili tofauti mnayachanganya: maji mangapi yanaingia na kutoka chumbani, na maji yanatikisika kiasi gani ndani ya chumba. La kwanza ni koki. La pili ni kapampu kadogo ka ndani, kanakolizungusha bonge la keto lijigeuze kama nguo kwenye mashine.

BintiJambiani, Zanzibar

Assalaam aleykum. Mie sina tanki, nimeingia kwenye uzi huu kwa sababu ya neno mwani, nikaona niseme kidogo.

Bibi yangu na mama yangu wote wamelima mwani Jambiani. Huku pwani ya mashariki kilimo kilianza 1989, bibi alikuwa katika wale wa mwanzo. Kitu cha kwanza anachokitazama mkulima akichagua shamba ni mkondo. Asiweke palipo na mawimbi makali, kamba zitakatika. Asiweke palipolala maji, maana hapo mwani haunoni, unafunikwa na vumbi na majani mengine yanaota juu yake. Anatafuta pale ambapo maji yakijaa na yakitoka unayaona yanapita. Na hata hapo, akishuka shambani kwenye maji ya bamvua hupita kamba moja moja akizitikisa ule uchafu uanguke.

Siku za maji mafu, na jua la kaskazi limewaka, maji yale machache yanapata moto na hayendi popote. Ndipo mwani unapogeuka mweupe na kukatika. Cottonii, aina mojawapo ya mwani tunaolima, khasa ndiyo haivumilii, ndiyo maana wengine wameihamishia kwenye maji ya kina.

Kwa hivyo huyo kaka aliyesema vumbi la kahawia na mwani usiokua, bibi angemwambia umepanda kwenye maji yaliyolala, hamisha vigingi.

Sato_Mwanza

Bibi kamaliza uzi kwa sentensi moja.

Mzee Kasa

Huyo bibi ni wa kusikilizwa. Binti, nisalimie sana. Mie natoa pingamizi langu kwa upande wa mwani, upande wa mchanga nabaki nao.

FundiBomba

Na wazungu waliligundua hilohilo kwa njia yao. Walter Adey wa Smithsonian kule Marekani, yule wa kusafisha maji ya matangi kwa mwani uliooteshwa kwenye vyandarua, mwanzoni mwa miaka ya 1980, hakuyapitisha maji kwa kudondosha. Aliweka ndoo inayojaa kisha inapinduka, ikimwaga maji yote kwa mkupuo juu ya mwani, kama wimbi. Ikajaa tena, ikamwaga tena.

Ngalawa_Bovu, fanya hivi:

Siku ya kwanza usifungue koki. Nyonya tope lote la chini kwa mpira, toa keto uisuuze kwenye ndoo ya maji ya tanki lenyewe (siyo ya bomba!), kung'uta mpaka vumbi liishe. Ute mwekundu toa kwa mkono. Usipofanya hivyo, ukifungua koki tope lote linapanda juu.

Siku ya pili fungua hadi jagi la lita 2 lijae kwa sekunde 18. Hiyo ni 400. Kaa nayo siku tatu. Halafu sekunde 9, ndiyo 800.

Ile koki ya mpini ibadilishe siku ukiwa na nafasi. Robo mzunguko inatoka kufungwa hadi wazi kabisa, huwezi kuiseti vizuri, na ikiwa imebanwa sana kila kakonokono kanakwama. Weka geti valvu, ile ya kuzungusha. Na siku ukijenga upya, tawi la refujiamu litoe kwenye bomba la pampu, siyo kwenye linaloshuka. Tawi la pampu likiziba, hakuna kinachotokea zaidi ya mwani kukosa maji. Bomba la kushuka likiziba, maji yanatafuta sakafu.

Kapampu ka ndani: hata ka lita 500 kwa saa kanatosha kwa chumba chako. Kaelekeze pembeni chini ya bonge, kasielekee taa.

Ngalawa_Bovu

Nimeanza. Tope nililolinyonya lilikuwa nusu ndoo, na harufu yake mama watoto kaisikia kutoka chumbani. Nitaleta mrejesho.

Ngalawa_Bovu (siku 6 baadaye)

Wakuu mrejesho, na aibu kidogo.

400 ilipita salama. Nilipofika 800 yakaanza mapovu. Maji yanaanguka kutoka kwenye bomba hadi refujiamu, povu dogodogo linavuka vioo, linaingia kwenye pampu, tanki juu likawa kama soda. Kelele nayo, maporomoko usiku kucha. Mimi kwa ujanja wangu nikaongeza maji kwenye sampu ili yasianguke kutoka juu sana. Kweli kelele ikaisha, nikalala nimeridhika.

Saa tisa usiku umeme ukakatika. Kumbe bomba la kurudi limezama tankini sentimita 8, pampu iliposimama likageuka likaanza kunyonya kurudi chini. Sampu haikuwa na nafasi tena. Zulia la sebuleni limelowa maji ya chumvi. Mama watoto hajanisemesha tangu juzi isipokuwa kuuliza hilo tanki linauzwa shilingi ngapi.

FundiBomba

Pole sana mkuu. Kosa langu pia, ningekuonya. Yeyote anayegusa mtiririko lazima afanye jaribio la umeme kabla ya kulala: chomoa pampu kwa makusudi, simama na taulo, angalia maji yanapanda mpaka wapi sampuni. Weka alama ya kalamu kwenye kioo kwenye usawa wa juu kabisa ambao sampu inaweza kuanza nao bila kumwagika. Usizidishe alama hiyo hata kwa kikombe.

Bomba la kurudi lipandishe mdomo wake, sentimita 2 tu chini ya uso wa maji zinatosha. Kitundu kidogo cha kuingiza hewa juu kidogo ya hapo kinasaidia, ila konokono na mwani hukiziba, kwa hiyo usikitegemee peke yake.

Mapovu: bomba lisimwage kutoka hewani. Ongeza elbo na kipande cha bomba, mdomo uzame sentimita 3 hivi na uangalie ukuta wa kioo, siyo chini kwenye mchanga. Kama bado yapo, shuka hadi 600. Ukirudi kwenye ile hesabu yangu, 600 inakupa 200 na 800 inakupa 218. Hakuna sababu ya kugombana na mkeo kwa ajili ya 18.

Baridi_Yabisi

Hahaha, hiyo ya mwisho naiweka kwenye friji yangu.

Kitu kingine mleta mada, taa unaiwasha saa ngapi? Washa usiku wakati taa za tanki zimezimwa, kuanzia saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi. Usiku kila kiumbe tankini kinatoa kaboni (kaboni dayoksidi), maji yanaelekea asidi, yaani pH inashuka. Mwani ukiwa na mwanga wakati huo unaila kaboni hiyo. Huku kwetu majira ya baridi nyumba imefungwa madirisha miezi minne, bila kufanya hivyo pH yangu ya asubuhi ilikuwa 7.7. Nanyi huko Dar maji yako 29 au 30, maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, kwa hiyo mwani unaotoa oksijeni usiku ni faida mara mbili.

Ngalawa_Bovu

Taa ilikuwa inawaka mchana pamoja na ya tanki. Nimegeuza. Koki nimeiacha 600, elbo imewekwa, kimya kabisa. Jaribio la umeme nimefanya mara nne, mara ya nne mbele ya mama watoto kama mtihani.

Ngalawa_Bovu (wiki 7 baadaye)

Wakuu, samahani kwa kimya.

Wiki mbili za kwanza nitrati ilipanda kutoka 40 hadi 50, nikataka kukata tamaa. Nadhani ni tope nililolitibua. Wiki ya tatu keto ikabadilika rangi, kijani cha kung'aa, nyuzi mpya zinakatika kwa kukakamaa ukizigusa. Sasa bonge limejaa chumba, kapampu kamezidiwa halizunguki tena. Nimepima jana: nitrati 15, fosfati 0.06. Ute mwekundu umeisha. Vidudu vyeupe kwenye kioo cha refujiamu usiku ni kama mchele uliomwagika.

Jambo moja nililojifunza kwa uchungu: vipande vya keto vilivuka vioo vikaingia kwenye pampu, mtiririko wa pampu ukashuka hadi lita 900 kwa saa (kwa kipimo cha ndoo) bila mimi kujua. Nimeweka gridi ya plastiki, ile ya kufunikia taa za ofisini, kwenye kioo cha kutokea.

FundiBomba

Safi sana. Sasa vuna. Toa theluthi moja leo, itupe au mpe kangaja. Mwani usipovunwa wa juu unaufunika wa chini, wa chini unaoza na kurudisha kila ulichokula. Nitrati inatoka kwenye tanki siku unapoutoa mwani, siyo siku mwani unapoila.

Na pima kila wiki. Fosfati ikifika sifuri keto itapauka na kusimama hata kama nitrati ipo. Ikianza kupauka usiongeze mtiririko, punguza saa za taa au mlishe kangaja zaidi, ambalo najua hutalikataa.

Kidau_Muscat

Salaam wote, nimesoma uzi mzima kwa mkupuo. Mie niko Muscat, nina katanki ka lita 60 na kiboksi cha kuning'iniza nyuma, kinabeba lita 4 tu. Kapampu kake nimekabana hadi lita 60 kwa saa. Rafiki yangu ana Caulerpa (mwani wa aina nyingine) anataka kunipa badala ya keto, asema hukua haraka. Nichukue? Na maji niyaache vivyo hivyo?

Baridi_Yabisi

Caulerpa mimi siipendi kwenye tanki dogo. Inakua haraka kweli, lakini ikipata mshtuko inaweza kuamua kuzaa usiku mmoja: inageuka nyeupe, inamwaga kila kitu kwenye maji, maji yanakuwa kama ya mchele, oksijeni inaisha. Kwenye lita 60 samaki hawana pa kukimbilia. Na usije ukatupa hata kipande baharini. Caulerpa taxifolia, aina mojawapo, ilionekana mbele ya Monaco mwaka 1984 ikasambaa Mediterania, na ilipopatikana kwenye rasi karibu na Carlsbad mwaka 2000, California ikaipiga marufuku yenyewe na ndugu zake kadhaa. Chukua keto.

FundiBomba

Na maji fungua. Kwako mara tatu ya tanki ni lita 180 kwa saa. Kiboksi cha lita 4 hakina nafasi ya kapampu ka ndani, kwa hiyo mtiririko huohuo ndio utakaoutikisa mwani, nenda hata 250. Ila angalia kitu kimoja kabla: vile viboksi vya kuning'iniza mlango wa kutokea ni mwembamba. Chukua kikombe cha kupimia cha lita moja, ikijaa kwa sekunde 14 na nusu ndiyo 250. Halafu ziba nusu ya mlango wa kutokea kwa kidole, kama mwani umekwama vile, uone boksi linafurika nyuma ya kabati au linarudi tankini. Likifurika nyuma, shuka hadi 180 na uweke gridi.

Kidau_Muscat

Limefurika nyuma. Nimeshuka 180.